MSWAKI NA UFIZI UNAOTOKA DAMU



Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba lau si kuutaabisha umma wake, angeuamrisha mswaki kwa kila Swala.

Tukila bugali na samaki wa Lualaba, mabaki hukwama kati ya meno. Vijidudu huyala, hujenga utando kwenye meno na ulimi, hutoa gesi inayonuka kama yai bovu. Utando ukikaa, ufizi huvimba na kutoka damu. Mwishowe jino hulegea na kung'oka.

Pipi huficha harufu tu. Ukiona damu, usiache mswaki: piga taratibu, ulimi pia, hasa kabla ya kulala. Damu isipokoma baada ya wiki mbili, mwone daktari wa meno.

Usimuudhi jirani yako katika safu.

Wabillahi tawfiq.