Nafasi Iliyopotea Diskini: Usafishaji Uliokatika Njiani na Usalama wa Rekodi za Fasihi Simulizi, Kitui na Makueni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tatizo linalowapata watafiti wa fasihi simulizi wanaohifadhi rekodi za sauti katika tarakilishi: programu ya kusafisha diski inakwama kabla ya kumaliza kazi, na nafasi iliyotarajiwa kuongezeka inatoweka kabisa. Hoja kuu ni kwamba nafasi hiyo aghalabu huwa imekaliwa na faili iliyoundwa na programu yenyewe, wala si na rekodi. Kwa hiyo, kuitafuta faili hiyo kunapaswa kutangulia uamuzi wowote wa kufuta kazi ya nyanjani.

Utangulizi

John Mbiti, aliyezaliwa Mulago, Kitui, mwaka 1931, alichapisha mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba, Akamba Stories, mwaka 1966. Kabla yake, Mswidi Gerhard Lindblom alikuwa amekwisha kuandika juu ya jamii hiyo na ngano zake. Kazi za wawili hao ziliwafikia wasomaji kwa njia ya karatasi. Karatasi ina shida zake, mchwa na mvua zikiwemo, lakini haina tabia ya kudai kwamba imejaa ilhali kurasa zake ni tupu.

Mtafiti wa leo huenda Mutomo au Kathonzweni akiwa na kinasa sauti cha kidijitali. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya njia mbili, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli, huchukua takriban gigabaiti 1.04. Saa 40 za masimulizi, nyimbo na mahojiano huhitaji basi zaidi ya gigabaiti 41. Katika kipakatalishi chenye diski ya gigabaiti 128, ambamo mfumo endeshi na programu nyingine zimekwisha kuchukua sehemu yao, rekodi hizo pekee ni karibu theluthi ya diski nzima. Si ajabu kwamba watafiti huvutiwa na programu zinazoahidi kusafisha.

Tatizo lenyewe

Ichukuliwe hali ifuatayo, ambayo si vigumu kuitokea kazi ya uzamili. Mtafiti amerekodi nyimbo za kilumi, ngoma inayohusishwa na pepo na ambayo huchezwa zaidi na wanawake wazee. Baada ya wiki mbili mwimbaji mmoja anabadili nia na kuomba wimbo wake ufutwe. Ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatambua haki ya mtu kuondoa idhini aliyoitoa. Na hata pasipo sheria, bibi aliyemkaribisha mgeni nyumbani mwake na kumwimbia hastahili kuzungushwa. Mtafiti anaufuta wimbo. Hata hivyo, amepata kusikia kwamba kilichofutwa huweza kufufuliwa, hivyo anaendesha programu ya kupangusa nafasi tupu ya diski na kwenda kulala. Usiku umeme unakatika, na betri ya kipakatalishi ilikwisha kufa zamani. Asubuhi, diski iliyokuwa na gigabaiti 30 za nafasi inaonyesha sufuri.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tarakilishi inaonya kila dakika, tasnifu haiwezi kuhifadhiwa, na kitu kikubwa kinachoonekana kwa macho ni folda ya rekodi. Kishawishi cha kuanza kupunguza mahojiano "yasiyo muhimu sana" ni kikubwa. Mzee aliyehojiwa mwaka huu huenda asipatikane mwaka ujao, na usimulizi wake wa pili, kama mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi ajuavyo, hautakuwa ule wa kwanza.

Kufuta ni kufanya nini?

Chanzo kimoja cha mkanganyiko huu ni cha kiisimu. Kiswahili kinatofautisha kutupa, kufuta, kupangusa na kufukia, lakini kwenye tarakilishi kitenzi kimoja, futa, hubebeshwa mzigo wa vyote. Wakenya wanaosema tarakilishi na Watanzania wanaosema kompyuta wamebishana mno kuhusu jina la mtambo. Vitenzi vyake havijashughulikiwa vya kutosha.

Kuna kufuta ambako ni kuhamisha tu: faili inapelekwa katika pipa la taka, nayo inaendelea kuchukua nafasi ileile iliyoichukua awali. Kuna kufuta ambako ni kuondoa jina. Mfumo endeshi hulikata jina la faili katika orodha yake na kuandika kwamba mahali pale sasa ni huru, ilhali sauti yenyewe ingali diskini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni kama jina la mwanafunzi kukatwa katika daftari la bweni huku mwenyewe akiwa bado amelala kitandani. Kufuta kwa tatu ni kule alikokutaka mtafiti wetu, yaani kuandika juu ya kilichokuwapo ili kisisomeke tena. Hapa inafaa kusema kupangusa.

Kupangusa nafasi tupu kunahitaji hila. Kwa kawaida programu haiendi moja kwa moja mahali patupu pa diski. Huomba mahali hapo kutoka kwa mfumo endeshi, kama programu nyingine yoyote inavyoomba. Kwa hiyo inaunda faili na kuikuza mpaka ienee nafasi yote iliyobaki. Inasafisha kwa kujaza. Amri ya cipher katika Windows, inapopewa kiambishi /w, huunda folda iitwayo EFSTMPWP katika ngazi ya juu kabisa ya diski, ikaandika humo sufuri, kisha namba 255, kisha namba za kubahatisha. Programu ya BleachBit nayo hutumia hila ya kujaza. Kazi ikiisha salama, faili hizo hufutwa na nafasi hurudi. Kazi ikikatika njiani, hakuna wa kuzifuta.

Sufuri iliyoonekana asubuhi ile, kwa hiyo, haikuwa dalili ya diski kuharibika wala ya rekodi kuvimba. Ilikuwa ndoo ya maji iliyoachwa katikati ya chumba na mfagizi aliyeitwa ghafla.

Namna ya kuirejesha nafasi

Jambo la kwanza ni kunakili rekodi zote katika diski ya nje. Kusoma faili hakuhitaji nafasi tupu katika diski inayosomwa, kwa hiyo hata diski iliyojaa pomoni inanakilika. Wengi huiruka hatua hii kwa kudhani haiwezekani. Nakala chache zifunguliwe na kusikilizwa, mwanzo na mwisho, kabla ya kuendelea.

Kisha mtambo uzimwe na kuwashwa upya. Katika Linux, faili iliyofutwa huendelea kushikilia nafasi yake maadamu kuna programu inayoitumia. Programu hiyo ikifa, nafasi huachiliwa. Mara nyingine tatizo huishia hapa.

Lisipoisha, itafutwe ndoo. Mtafiti aagize mfumo uonyeshe folda zilizofichwa na za mfumo, kisha alinganishe jumla ya folda anazozijua na kiasi kinachodaiwa kuwa kimetumika. Tofauti ikikaribia zile gigabaiti 30, mhusika ni mmoja. Programu kama WinDirStat huichora diski kwa miraba ya rangi, na faili ya aina hii hujitokeza kama mraba mkubwa kuliko yote. Tarehe yake itakuwa ya usiku ule ule. Ikiwa ni EFSTMPWP au folda nyingine iliyoachwa na programu inayofahamika, ifutwe kwa kubonyeza Shift pamoja na Delete, ili isipitie pipani na kuendelea kukalia nafasi. Faili kubwa yenye jina lisiloeleweka na tarehe ya zamani isiguswe. Huenda ni ya mfumo endeshi wenyewe.

Kadi za kumbukumbu na flashi zinahitaji uangalifu wa namna yake. Nyingi hutumia mpangilio wa FAT au jamaa zake, usioweka shajara ya mabadiliko kama ufanyavyo NTFS wa Windows. Kazi ikikatika humo, vipande vya diski huweza kubaki vimeandikwa kuwa vinatumika bila ya kuwa na jina lolote linalovimiliki. Amri ya chkdsk yenye kiambishi /f huvikusanya vipande hivyo. Katika FAT huweza kuviweka katika folda iitwayo FOUND.000, kwa majina kama FILE0000.CHK. Mafundi wengi hushauri kuvifuta mara moja ili kupata nafasi. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, ushauri huo haufai. Kipande hicho chaweza kuwa nusu ya mahojiano ya Kibwezi yaliyodhaniwa kupotea. Kinakiliwe, kiongezewe tamati ya wav, kisha kijaribiwe katika programu ya kuhariri sauti. Kwa kuwa chkdsk yenye /f hubadilisha yaliyomo katika kadi, nayo isitumike kabla ya kunakili.

Wimbo ulioombwa ufutwe

Nafasi ikisharudi, ombi la bibi lingali halijatimizwa. Upangusaji uliokatika haukumaliza kazi yake, na hakuna njia rahisi ya kujua kama ulifika mahali wimbo ulipokuwa. Katika diski ya sumaku inayozunguka, unaweza kurudiwa tangu mwanzo, mchana, umeme ukiwapo na rekodi nyingine zikiwa zimenakiliwa. Katika diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka, kidhibiti cha ndani hugawa mahali pa kuandikia kwa utaratibu wake, hivyo kujaza nafasi hakuhakikishi kwamba kila kipande kimepanguswa, na huichakaza diski bure. Humo mfumo endeshi hutuma amri iitwayo TRIM punde faili inapofutwa, na kwa kawaida sauti haisomeki tena baada ya muda. Ulinzi bora zaidi ni kuisimba diski nzima kabla ya kwenda nyanjani.

Lakini wimbo haukuwa katika kipakatalishi peke yake. Uko pia katika diski ya nje, iwapo ulinakiliwa kabla ya ombi kuja; katika barua pepe, iwapo msimamizi alitumiwa sampuli; na katika simu ya msaidizi wa utafiti aliyefasiri maneno ya Kikamba. Kinasa sauti nacho kingali mkobani, na kadi iliyomo ndiyo iliyoupokea wimbo kwanza. Ifunguliwe hiyo kabla ya nyingine zote, isikilizwe, na bibi aelezwe kilichopatikana humo.