Kiota cha Lugha: Funzo Kutoka kwa Wamaori

Wengi wetu tumeliona jambo hili siku za likizo. Familia yatoka mjini, yafika kijijini kwa bibi. Bibi amwita mjukuu, amkalisha karibu naye, aanza kumsimulia habari za ukoo. Mtoto atabasamu, kisha amgeukia baba yake na kuuliza: “Baba, bibi anasema nini?” Baba atafsiri maneno mawili matatu, na mengine yaachwa. Hapana aliyekosa adabu hapo, wala hapana aliyekusudia ubaya. Lakini kitu kimekatika kati ya bibi na mjukuu wake, nacho ni kigumu kuungwa tena.

Leo yafaa tujifunze kwa watu wakaao mbali nasi, ambao walifika ukingoni mwa hatari hiyo, wakageuka. Hao ni Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi.

Jinsi lugha ilivyopungua

Mwaka 1840 wakuu wa Wamaori walitia sahihi mkataba na Serikali ya Uingereza huko Waitangi. Siku zile Kimaori kilikuwa lugha kuu ya nchi, na wageni wengi, wafanya biashara na wamisionari, walijifunza kukisema. Lakini mwaka 1867 ilitungwa sheria ya shule za wenyeji, na ndani yake Kiingereza ndicho kilichotakiwa kufundishia. Hatimaye, katika shule nyingi, mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake aliadhibiwa.

Hata hivyo lugha haikufa upesi, maana nyumba ziliilinda. Mwaka 1913 watoto 90 katika kila 100 wa Kimaori waliokuwa shuleni walikuwa wakiisema tangu nyumbani. Mwaka 1953 walibaki 26 katika 100. Mwaka 1975 hawakufika hata 5.

Ni nini kilichotokea? Baada ya Vita Kuu ya Pili familia nyingi zilihamia mijini kutafuta kazi. Nyumba walizopewa zilitawanywa kati ya nyumba za wazungu, na wazee wao walibaki mashambani. Tena, wazazi waliokuwa wamechapwa shuleni kwa ajili ya lugha yao walikata shauri kwamba watoto wao wasipatwe na aibu ile. Wakawasemesha Kiingereza tu. Neno hili tulitie moyoni: wazazi wale hawakuichukia lugha yao. Waliificha kwa sababu waliwatakia watoto wao heri.

Wazee na vijana wasimama

Mwezi wa Septemba 1972 vijana wa Kimaori walipeleka Bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000, wakitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Lakini wazee walitambua kwamba kungoja shule ni kuchelewa. Mtoto huishika lugha kabla hajajua kushika kalamu. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na mji wa Wellington, kilifunguliwa chuo cha kwanza cha watoto wadogo kilichoitwa “kohanga reo”, maana yake “kiota cha lugha”. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Bibi na babu waliokuwa bado wanaijua lugha waliletwa pamoja na watoto ambao hawajafika umri wa shule. Watoto walikula, walioga, walicheza, waliimba na kukemewa kwa Kimaori tu. Hapakuwa na somo la sarufi wala mtihani. Wazazi wenyewe walikiongoza chuo na kukichangia, na wengi wao walikaa chini pamoja na watoto wao, wakajifunza maneno ambayo hawakuwa wameyapata utotoni.

Mwaka uleule vilifunguliwa viota vipatavyo 100, na kufika mwaka 1993 watoto zaidi ya 14,000 walikuwa wakilelewa humo. Watoto wa kwanza walipokua, wazazi waliona kwamba shule za kawaida zingewapokonya lugha ile tena. Kwa hiyo mwaka 1985 walianza shule ya msingi ifundishayo yote kwa Kimaori. Mwaka 1987 sheria ilikitambua Kimaori kuwa lugha rasmi ya nchi. Nao watu wa Hawaii, ambao lugha yao ilikuwa imebaki kwa watoto wachache mno, walijifunza kwa Wamaori, wakafungua kiota chao cha kwanza mwaka 1984.

Kazi haijaisha. Baada ya 1993 idadi ya watoto katika viota ilipungua. Hesabu ya watu ya mwaka 2018 ilionyesha wasemaji wa Kimaori zaidi ya 185,000, ambao ni kama 4 tu katika kila watu 100 wa nchi ile. Lugha iliyopotea kwa miaka 60 hairudi kwa miaka 10.

Nasi je?

Katika nchi yetu zimo lugha zaidi ya 100. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, nasi twakishukuru na kukipenda. Wala asidhani mtu kwamba kumfundisha mtoto lugha ya ukoo ni kurudisha ukabila. Ukabila ni kumdharau jirani. Lugha ya bibi haimfundishi mtu dharau. Tena mtoto mdogo aweza kushika lugha mbili au tatu bila kuchanganyikiwa, kama walivyofanya wengi wetu tuliolelewa vijijini.

Kwa Wamaori twapata mafunzo matatu. La kwanza: shule na sheria husaidia, lakini lugha huzaliwa nyumbani, mezani na kitandani pa mtoto. La pili: mwalimu bora ni bibi na babu, na mwalimu huyo hatangoja milele. La tatu: mzazi asione haya kujifunza pamoja na mwanawe.

Wengine watauliza: baba na mama wakiwa wa makabila mawili, wafanyeje? Kila mmoja na amsemeshe mtoto kwa lugha yake, na Kiswahili kiwe cha wote wakutanapo. Na asiyekaa karibu na wazee wake? Ampeleke mtoto kwao likizo nzima badala ya siku mbili, naye asiwe mkalimani kati yao. Mtoto akihitaji maji ya kunywa, atalijifunza neno la maji.

Enyi wazazi, msingoje chama wala agizo. Jioni ya leo chagueni jambo moja, kama kula au kulala, liwe na lugha ya ukoo wenu siku zote. Wamaori walianza hivyo, na bibi zao walikuwa wamekwisha kuwa wachache. Wetu wangali hai, wakaa barazani, na wana mengi ya kusema. Kilichobaki ni wajukuu wawezao kuwasikia.