Shawa inapoa, kisha inanipiga umeme

*Fundi, nimepanga Ngoliba. Nikifungua bomba sana maji yanapoa. Nikipunguza, shawa ya umeme inajizima. Juzi nimeguswa na umeme nikishika bomba. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Nifanye nini? – Mpangaji*

Ndugu yangu, tuanze na huo umeme. Zima swichi kuu ya shawa, na mtu yeyote asioge hapo, hata kama ulikuwa mguso mdogo tu. Waya wa ndani unaopasha moto huguswa na maji yenyewe, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Kama waya wa ardhi haupo au umelegea, umeme unapitia kwako. Mwombe mwenye ploti alete fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) akague waya wa ardhi, na aweke shawa iliyotengenezewa maji ya chumvi.

Kupoa si ubovu. Shawa ya wati 5,000 huongeza nyuzi 20 za joto kwa lita tatu na nusu hivi kwa dakika. Ukizidisha maji, joto linagawanyika. Inajizima kwa sababu presha imeshuka mno hata haiwezi kuisukuma swichi yake ya ndani. Tangi likiinuliwa, au kichwa cha shawa kikisafishwa magadi, mara nyingi inatulia.

Kwa sasa oga kwa beseni: lita 10 za maji baridi kwanza, ndipo umimine lita nne zilizochemka. Koroga na upime kwa kiwiko, hasa ukimwogesha mtoto.