Sala Iliyokwama Kooni: Tunajifunza nini kwa Immaculée Ilibagiza?



Sisi wa Izimbya na Kagera kwa jumla hatuhitaji kuelezwa sana vita ni nini. Wazee wetu wanakumbuka majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Mwaka 1994 Mto Kagera ulibeba maiti kutoka Rwanda hadi Ziwa Viktoria. Leo tujifunze kwa binti wa upande ule wa mto.

Immaculée alizaliwa mwaka 1972 huko Mataba, karibu na Ziwa Kivu, katika familia ya walimu Wakatoliki. Mwaka 1994 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Butare, akarudi nyumbani kwa Pasaka. Pasaka iliangukia Aprili 3. Usiku wa Aprili 6 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Baba yake alimpa rozari, akamtuma akajifiche kwa mchungaji mmoja wa Kiprotestanti, Mhutu. Katika bafu dogo la nyumba ile walijificha wanawake wanane, kimya, kwa siku 91, mlango ukiwa umezibwa kwa kabati. Alipotoka, wazazi wake na ndugu zake wawili walikuwa wameuawa. Alibaki kaka mmoja, aliyekuwa masomoni Senegal.

Wengi wanaosimulia habari hii hukimbilia muujiza wa kuokoka kwake. Sisi tunaona somo kubwa liko kwenye jambo linaloonekana dogo. Mle bafuni alisali rozari kutwa nzima, na kila alipofika katika Baba Yetu, kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, alikwama. Nje wauaji walikuwa wakimtafuta. Akisema amewasamehe, anamdanganya Mungu. Amesimulia kwamba alijaribu hata kuyaruka maneno hayo. (Rozari moja ina Baba Yetu sita, piga hesabu mwenyewe alikwama mara ngapi.)

Je, alikosea kukwama? Sisi tunasema hapana. Wengi wetu hatukwami kwa sababu hatusikilizi tunachokisema. Yeye alisikiliza, akaona pengo kati ya mdomo na moyo, akamwomba Mungu amsaidie pale alipoishia. Polepole akaanza kuwaona wauaji kuwa nao ni watoto wa Mungu waliopotea.

Hapa Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia. Akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Ni tendo la utashi. Hasira inaweza kubaki mwilini, machozi yakatoka, na bado mtu akawa ameamua kutomtakia adui yake mabaya. Katekisimu nayo, namba 2843, inakiri kwamba kuacha kuhisi uchungu au kuusahau hakuko katika uwezo wetu. Kwa hiyo anayesema, "Sijasamehe kwa sababu bado naumia," asikate tamaa: maumivu yake si kipimo.

Tena, kusamehe hakufuti haki. Baada ya vita Immaculée alikwenda gerezani kuonana na kiongozi wa genge lililomuua mama yake na kaka yake, akamwambia amemsamehe. Ofisa aliyemleta mfungwa yule alikasirika. Alitegemea kuona binti akimtukana mtu huyo. Lakini msamaha ule haukuwa hati ya kumfungulia mlango wa gereza. Alichokiachilia Immaculée ni kisasi, na kisasi kilikuwa mkononi mwake mwenyewe.

Kwetu kosa mara nyingi ni mpaka wa kibanja. Ndugu wa tumbo moja wanang'oa alama iliyowekwa na marehemu baba yao, halafu Jumapili kila mmoja anakaa upande wake wa kanisa. Aliyedhulumiwa anaweza kupeleka shauri lake kwenye baraza bila dhambi yoyote. Jioni ile ile, katika jumuiya, watafika wote wawili kwenye Baba Yetu.