Somo: Kuuza Bidhaa za Kikundi kwa Simu



Wengi wetu hapa Buyangu tuko kwa Facebook na WhatsApp, lakini asali yetu bado inakaa ndebeni. Kwa nini? Picha peke yake haiuzi.

Tuwaangalie majirani wetu wa Muliru, upande wa kusini wa msitu wa Kakamega. Walipanda mmea wa dawa mashambani, wakatengeneza dawa ya kuchua na kuipa jina moja: Naturub. Mwaka wa 2010 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Bidhaa yenye jina hukumbukwa.

Basi tufanye hivi:

1. Tuchague jina moja, liwe kwenye chupa na kwenye simu.
2. Picha ipigwe mchana, ionyeshe kipimo na bei.
3. Tumchague mtu wa kujibu siku hiyo hiyo. Mnunuzi akikosa jibu, anaenda kwingine.
4. Tusitangaze chupa 50 na tuko na 20. Aliyedanganywa huwaambia wenzake.
5. Pesa ziingie M-Pesa ya kikundi, si ya mtu, na ziandikwe kitabuni.

Ya kujadili: Nani atajibu simu? Wanunuzi wetu 3 wa mwisho walitujuaje?