Je, mfuko wa saruji una kilo 50 kweli?

Swali: Mfuko wa saruji umeandikwa kilo 50. Nimepima mmoja, nikapata 49.2. Je, nimepunjwa?

Jibu: Kwa mfuko mmoja huwezi kusema, kwa kuwa mashine ya kujazia haimimini sawasawa kila mara. Anza kwa kukubali dai la kiwanda kwamba wastani ni kilo 50, kisha ujiulize: kama ni kweli, upungufu huu ungetokea kwa bahati tu mara ngapi? Tuseme umepima mifuko 16, wastani ukawa kilo 49.6 na mchepuko sanifu kilo 0.8. Gawanya 0.8 kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani 4, upate 0.2. Upungufu wa 0.4 ni mara 2 ya hiyo 0.2. Jedwali la t, lenye asili katika kazi ya mwaka 1908 ya William Sealy Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, linaweka mpaka 1.753 kwa mifuko 16 katika kiwango cha asilimia 5, yaani kama dai ni kweli, bahati tu ingeuvuka mara 5 kwa 100. Umeuvuka, dai linakataliwa.

Kiwanda kitasema mifuko 16 ni michache. Hoja hiyo ni dhaifu: uchache umeshahesabiwa ndani ya mpaka wenyewe. Pingamizi zito ni kwamba mifuko yote ilitoka duka moja, pengine ilichanika na kuvuja njiani. Ichague kwa bahati nasibu kutoka shehena mbalimbali, kwa mizani iliyohakikiwa. Tena, kwa asilimia 1 mpaka ni 2.602, na dai lingesalimika; basi amua kiwango kabla hujapima mfuko wa kwanza.