Hesabu vyumba kabla ya wati: kuchagua amplifaya ya spika za dari

Soma boksi la sabufa yoyote kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue: wati elfu kadhaa za PMPO, kwa herufi kubwa. Kisha geuza sabufa yenyewe usome kibandiko cha nyuma: inakula wati 60, pengine 100. Hakuna kifaa kinachoendelea kutoa nguvu nyingi kuliko kinayopokea kutoka ukutani, kwa hiyo PMPO iachie wenye duka. Amplifaya ya nyumba nzima huuzwa kwa wati pia, lakini wati ni swali la tatu. La kwanza ni maeneo, la pili ni omu.

Eneo ni sehemu ya nyumba unayotaka icheze kitu chake kwa sauti yake. Tuchukue nyumba yenye spika nne sebuleni, mbili jikoni, mbili chumba cha wazazi, mbili barazani na moja bafuni. Spika ni 11, maeneo ni matano. Kila eneo la stirio linahitaji chaneli mbili. Bafuni, zipo spika za dari zenye koili mbili ndani, zinazopokea kushoto na kulia kwa pamoja, nazo pia hula chaneli mbili. Jumla ni chaneli 10, na amplifaya ya chaneli 12 itakubakizia mbili za chumba utakachokikumbuka baadaye. Njia nyingine ni kununua amplifaya ndogo ya kila eneo yenye uwezo wa mtandao ndani yake, kama Sonos Amp au WiiM Amp. Kwa maeneo mawili au matatu ningechukua hizo ndogo bila kufikiri sana. Yakifika matano, kabati hujaa visanduku na plagi, na amplifaya moja ya chaneli nyingi huanza kuwa na maana.

Sasa omu, yaani ukinzani wa spika, mahali ambapo vifaa vingi hufia. Spika nyingi za dari ni za omu 8. Zile nne za sebuleni zitakuwa mbili kwa kila chaneli, na fundi akiziunganisha sambamba, amplifaya itaona omu 4. Akiongeza ya tatu, inaona 2.7, ya nne, 2. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo amplifaya inavyovutwa kutoa mkondo mwingi, na nyingi za majumbani huishia omu 4. Chini ya hapo itachemka, itajizima katikati ya sherehe, au itaungua. Sonos wanasema Amp yao inaweza kuendesha jozi tatu za spika za dari walizotengeneza na Sonance. Kauli hiyo ni ya spika hizo, usiihamishie spika za dukani kwako.

Kuna kosa lingine la kuonya. Mafundi umeme wamezoea taa kadhaa kutumia waya mmoja wa kurudi. Kwenye spika usikubali. Amplifaya nyingi za kisasa zina umeme kwenye ncha zote mbili za kila chaneli, chanya na hasi. Ukikutanisha hasi za chaneli mbili ili kuokoa waya, unaweza kuiua amplifaya siku ya kwanza.

Tukifika kwenye wati, mambo ni mepesi kuliko wauzaji wanavyoyafanya. Tafuta neno RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, kisha uone ni kwa omu ngapi na kwa mkwaruzo wa asilimia ngapi. Wati 50 kwa mkwaruzo wa asilimia 10 si sawa na wati 50 kwa asilimia 1. Kisha soma usikivu wa spika, unaoandikwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 88 hutoa sauti hiyo kwa wati moja, umbali wa mita moja. Dari ikiwa mita tatu na wewe umekaa kwenye kochi, sikio liko mita mbili hivi kutoka kwenye spika, na umbali ukiongezeka mara mbili hupotea desibeli kama 6. Unabaki na 82, kwa wati moja tu, wakati mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wati 30 hadi 60 kwa chaneli zinatosha chumba cha kawaida. Barazani ongeza, maana hakuna kuta za kurudisha sauti. Na kila desibeli 3 za ziada zinadai wati mara mbili, kwa hiyo spika ya 91 badala ya 88 ni sawa na kununua amplifaya yenye nguvu maradufu.

Misikiti, hoteli na maduka makubwa hutumia mfumo wa volti 100, ambapo kila spika ina transfoma yake ndogo. Huko omu hazihesabiwi. Unajumlisha wati ulizochagua kwenye kila spika na kuacha akiba ya asilimia 20 hivi. Kwa nyumba ya wageni yenye korido ndefu na bustani ni mfumo mzuri. Sebuleni kwako, hapana: kwa kawaida ni mono, na besi yake ni nyembamba.

Nyaya zipitishwe kabla jipsamu haijafungwa. Kila spika ipate waya wake kutoka kwenye kabati hadi darini, bila kiungo njiani. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unafaa hadi mita 15 hivi kwa spika ya omu 8; zaidi ya hapo, au spika mbili zikilazimika kuchangia waya, weka 2.5. Kwangua ncha kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, na haipitishi umeme vizuri kama shaba. Pitisha pia waya wa mtandao hadi kwenye kabati, kwa sababu kuta za tofali na zege zenye nondo hudhoofisha waifai.

Upande wa programu, muulize muuzaji mambo mawili: je, inafanya kazi ndani ya nyumba intaneti ikikatika, na je, maeneo yote yanaweza kucheza wimbo mmoja kwa pamoja? Ukichanganya chapa, jiko linaweza kuchelewa nusu sekunde nyuma ya sebule, na mlangoni utasikia mwangwi. Programu ya Home Assistant inaweza kupiga adhana vyumba vyote kwa wakati wake. Lakini amplifaya inayojiwasha ikisikia sauti huchukua muda kuamka, na inaweza kumeza mwanzo wa adhana. Tanguliza sekunde chache za sauti nyingine ya kuiamsha, au chagua inayowashwa kwa waya wa volti 12.

Ndugu akikuletea kifaa kutoka Marekani, hakikisha kimeandikwa volti 100 hadi 240. Cha volti 120 peke yake kitaungua kwenye 230 za Tanzania au 240 za Kenya. Kwa amplifaya, daraja la D ndilo ninalopendelea: halichemki sana na linafaa wenye betri na sola. Angalia pia amplifaya inakula wati ngapi ikiwa kimya. Wati 40 usiku na mchana ni karibu uniti moja ya umeme wa LUKU kila siku, bila hata wimbo mmoja.

Jipsamu ikishafungwa na spika kuwekwa, usichomeke amplifaya bado. Pima kila jozi ya nyaya kabatini kwa multimita. Spika ya omu 8 husoma kama 6. Mbili sambamba, kama 3. Isiposoma chochote, waya umekatika au haukufungwa kwenye spika. Ikisoma karibu sifuri, nyaya zimegusana, na mara nyingi ni skrubu ya jipsamu iliyopita katikati yake.